YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZEGE LILILOZIBA BOMBA LA PAMPU MARA TATU

Wasimamizi wa Ujenzi,
Gungu, Kigoma.

Kwa Meneja wa Uzalishaji.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi mlituletea mita 24 za ujazo za zege la C25 (daraja la nguvu ya zege) kwa slabu ya ghorofa ya kwanza. Bomba liliziba mara tatu, na kila mara dereva wa mikisa (lori la kuchanganyia zege) alikuwa na dawa moja tu: maji. Tunacholalamikia ni ratio yenu, yaani vipimo vya mchanganyiko. Hiyo ni ya zege la kubeba kwa toroli, si la kusukuma kwa pampu.

Tulipofungua klampu (kibano cha kuungia vipande vya bomba) baada ya kiwiko cha pili, yaani kona ya bomba, tulikuta kizibo cha kama sentimita 40: kokoto tupu, zimeoshwa utadhani ndiyo kwanza zimeshushwa kwenye lori. Nyuma yake kulikuwa na rojo la majimaji. Yaani shinikizo lilipenyeza maji na saruji katikati ya kokoto, zenyewe zikabaki zimekabana na ukuta wa bomba. Maji hayakupungua. Zilizopungua ni chembe laini za kuyashika.

Mchanga wenu tuliuchekecha. Unaopita tundu la milimita 0.3 ni asilimia 6, wakati mchanga wa zege la pampu unatakiwa uwe na kati ya 15 na 30. Ni mchanga wa ufukweni, unapendeza machoni, lakini punje zake karibu zote zinalingana, hivyo mapengo kati yake hayana cha kuyajaza. Juu ya hapo, hati yenu inaonyesha mchanga ni asilimia 36 tu ya mchanga na kokoto kwa pamoja, na saruji kilo 300 kwa mita ya ujazo. Kwa mchanga wa aina hiyo tungetegemea asilimia 42 hadi 45, saruji isiyopungua kilo 340, na sehemu ya mchanga laini zaidi au vumbi la kokoto lililochekechwa.

Sasa hayo maji. Ratio yenu ya maji kwa saruji ilikuwa lita 165 kwa kilo 300, yaani 0.55. Dereva aliongeza takriban lita 20 kwa kila mita ya ujazo, ikawa 0.62. Nguvu ikashuka, rojo likawa jepesi, na rojo jepesi huziacha kokoto mapema zaidi. Ndiyo maana kizibo cha tatu kilikuja haraka kuliko cha kwanza. Mkitaka zege lilainike, tumieni kilainishi cha zege kwa kipimo cha mtengenezaji wake.

Kokoto nazo: hati inasema milimita 20, sisi tumeokota za 38, nyingi zikiwa bapa. Mpira wa mwisho, unaotolea zege, una upana wa milimita 100, na jiwe la kupondwa halitakiwi kuzidi theluthi ya upana huo.

Wafanyakazi wenu wa pampu walianza kwa kumwaga maji matupu bombani. Bomba lilitakiwa lilainishwe kwa rojo la saruji na mchanga, 1 kwa 2. Kwa mita 60 za bomba la milimita 125, karibu nusu mita ya ujazo inatosha. Klampu tatu hazikuwa na mpira wa kuzuia kuvuja, zikavujisha rojo tangu mwanzo. Halafu nyundo. Kugonga bomba husaidia kusikia kizibo kilipo, kwani hapo mlio hubadilika ukawa mzito, ila hakukitoi. Kilichotakiwa kwanza ni kurudisha pampu nyuma mipigo miwili mitatu ili shinikizo lishuke. Kufungua klampu kabla ya hapo, kama alivyotaka kufanya mmoja wao, kungeweza kuua mtu.

Tulilazimika kukatisha slabu kwa ubao wima katikati ya bimu mbili, jambo ambalo halikuwa kwenye mchoro.

Tunaomba yafuatayo kabla hatujapokea mzigo mwingine: ratio mpya pamoja na matokeo ya kuchekecha mchanga na kokoto, jaribio la kusukuma mita 2 za ujazo kupitia bomba lilelile, na slampu (kipimo cha ulaini wa zege) ya milimita 100 hadi 130, ipimwe kwenye pampu, ipimwe tena mwisho wa mpira. Zege lililotupwa na saa za pampu iliyosimama yaondolewe kwenye ankara. Mchemraba wa majaribio uliochukuliwa baada ya maji kuongezwa tunao, na utavunjwa siku ya 28.

Wenu katika ujenzi,
Wasimamizi wa Ujenzi, Gungu