Beji nyingi pekee hazimfanyi mtoto kiongozi wa doria

Mhariri,

Kila mwanzo wa mwaka wa shule, vikosi vya skauti hapa Lamu huchagua viongozi wa doria, yaani vikundi vidogo ndani ya kikosi. Katika vikosi vingi kazi hiyo humalizika kwa dakika tano: mlezi, yaani mtu mzima anayesimamia kikosi, hutazama nani ana beji nyingi mkononi, au nani tayari ni kiranja wa darasa, akamtangaza. Miezi mitatu baadaye doria imebaki na watoto watatu, na lawama anatupiwa kiongozi aliyepewa kazi bila kuelezwa ni kazi gani.

Tunawaomba walezi wenzetu watenganishe mambo mawili. Daraja ni kipimo cha anayoweza skauti kuyafanya kwa mikono yake. Wadhifa ni kazi anayowafanyia wenzake. Yuko mtoto mwenye beji za kujaza mkono ambaye hawezi kuwakusanya wenzake sita wakafika kwa wakati, na yuko mwingine wa daraja la chini ambaye akiita wanakuja.

Mambo haya mawili yana mahali pa kukutania, nako ni kwenye kufunza. Katika kambi ya Brownsea, Uingereza, mwezi Agosti 1907, Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwagawa wavulana wapatao 20 katika doria 4, kila doria ikiongozwa na mmoja wao. Mwaka uliofuata yalitoka masharti ya daraja la kwanza, lililokuwa la juu wakati huo: kuogelea yadi 50, yaani kama mita 45, kwenda kwa miguu au kwa makasia hadi mahali palipo maili 7 na kurudi, kisha kuandika ripoti fupi, na, pamoja na mengine, kuleta mwanagenzi aliyefunzwa na skauti huyo mwenyewe. Sharti hili la mwanagenzi ndilo tunalolitaka lirudi, kwa sababu linaonyesha mapema nani ataweza kuongoza.

Tuchukue mfano wa kufunga boriti mbili za mikoko msalaba. Skauti anaanza na fundo kwenye boriti iliyosimama, chini kidogo ya ile inayolala. Anazungusha kamba mara tatu, mbele ya moja na nyuma ya nyingine, kila mzunguko ukikaa ubavuni mwa mwenziwe bila kupandana. Kisha anapitisha kamba baina ya boriti zenyewe, mizunguko miwili au mitatu ya kukaza, na kumalizia kwa fundo kwenye boriti inayolala. Wengi huharibu hapo kwenye kukaza. Wanavuta kwa vidole badala ya kuegemea nyuma na kuvuta kwa uzito wa mwili, na boriti zikisukumwa zinacheza. Kosa jingine ni kamba yenyewe. Ya nailoni huteleza kwenye boriti iliyolowa. Ya mkonge hujikaza ikilowa na kulegea ikikauka, kwa hiyo kilichokuwa imara alfajiri penye umande kinayumba jua la saa sita. Mtahini asiridhike na umbo zuri. Atundike ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kwenye boriti inayolala, angoje dakika kumi, halafu atazame kama boriti imeshuka. Na wiki mbili baadaye amwite mtoto mdogo aliyefunzwa na huyo skauti, naye afunge mbele yake. Mdogo akishindwa, mkubwa asiandikiwe daraja bado, arudi kumfunza.

Kuogelea pia kuna namna yake. Watoto wa kisiwa huogelea tangu wadogo, ndiyo maana baadhi ya walezi huandika tu "amepita". Mtihani ufanywe kweli, siku za maji mafu, maji yakiwa yamesimama. Wakati wa bamvua mkondo una nguvu. Mtoto akiufuata atamaliza mita 45 bila jasho, akiupinga atachoka njiani, na vyote viwili havionyeshi uwezo wake. Mashua iwe karibu, na ndani yake wawepo watu wazima wawili wanaojua kuokoa.

Sasa wadhifa. Doria iwe ya watoto 6 hadi 8. Wakizidi hapo mmoja hawezi kuwaangalia. Wenyewe wapige kura ya siri, mlezi athibitishe. Kabla ya kura, masharti yabandikwe ukutani ili kila mtoto ayasome: awe ameapa kiapo cha skauti, ajue anayotakiwa kuwafunza wageni, na awe amehudhuria angalau mikutano mitatu katika kila minne.

Hapo kwenye mahudhurio tunasisitiza haki. Mtoto wa Faza au Kizingitini hufika kwa boti, na wakati wa kusi bahari ikichafuka mzazi mwenye akili hamruhusu kuvuka. Wengine wana madrasa jioni. Anayetoa habari mapema asihesabiwe mtoro. Ramadhani mikutano ikisimama, mwezi huo usimkatie mtu muda wake. Kama haya hayakuandikwa mwanzoni, mlezi ataamua kwa huruma kwa mmoja na kwa ukali kwa mwingine, na watoto huona upesi sana. Wasichana wanyimwao kambi kwa kukosa mlezi wa kike nao wasikose daraja kwa upungufu ambao ni wetu sisi watu wazima.

Muda wa wadhifa uwe na kipimo. Skauti wa Marekani, ili apate daraja la Star, hutakiwa kushika wadhifa kwa miezi 4. Kwa Life ni 6, na kwa Eagle, lililo juu kabisa, ni 6 tena, juu ya beji 21, na yote hayo kabla ya kutimiza miaka 18. Msaidizi wa kiongozi wa doria hahesabiwi huko katika madaraja hayo. Lakini lililo muhimu zaidi kuliko hesabu hizo ni kwamba kiongozi asiyefanya kazi anatakiwa aambiwe mapema, asaidiwe, na asipobadilika aondolewe. Akiachwa hadi mwisho wa muda wake, hawezi kugeukiwa siku ya mahojiano ya daraja akaambiwa hakufaa. Sisi huku tunafanya kinyume: tunanyamaza mwaka mzima, kisha tunamnyima daraja. Huko ni kumdhulumu mtoto. Mlezi akae naye kila mwezi, robo saa inatosha, na wote wawili watie sahihi walichokubaliana.

Sahihi hizo ziwe kwenye daftari la skauti mwenyewe, mbali na buku linalofungiwa kabatini kwa mlezi. Wanaomaliza gredi ya 9 huhamia shule nyingine, wengi wakivuka kwenda bara, na wakitoka Chipukizi, kundi la skauti wadogo, kuingia Mwamba, la wakubwa wao, bila maandishi huanzishwa upya kama wageni. Daftari la kurasa 48 linatosha: tarehe, alichopimwa, jina la mtahini, alichokosea, na jina la mdogo aliyefunzwa naye. Mzazi alitie gamba la nailoni, maana unyevu wa pwani hula karatasi kabla ya mwaka kwisha.

Walezi wa skauti,
Langoni, Lamu