Jino liking'oka msilifunge kwenye tishu

Mhariri, habari za kazi.

Nimesoma makala yenu ya huduma ya kwanza michezoni, kwa kweli mmejitahidi, kifundo cha mguu kimepewa karibu ukurasa mzima, lakini mlipofika usoni mkatupa mstari mmoja tu, weka barafu umpeleke hospitali. Basi? Mie nafundisha watoto mpira na huo mstari ndo niliokuwa naujua siku kijana wangu wa miaka 9 alipopigwa kiwiko, jino la mbele la juu likaruka likaangukia kwenye majani. Nikaliokota, nikaliosha, nikalisugua mpaka likang'aa, nikalifunga kwenye tishu nikatia mfukoni, alafu ndo tukaanza kumtafuta mzazi. Tunafika kwa daktari wa meno masaa mawili yameshapita, namkabidhi jino langu safi nikijua nitasifiwa, akaliangalia akashusha pumzi.

Kumbe nilichokisugua ndo kilikuwa chenyewe. Mzizi wa jino umevaa utando mwembamba wenye seli hai, hizo ndo zinazolishikisha na mfupa likirudishwa, na likikaa kavu nusu saa nyingi zinaanza kufa, saa moja ndo basi tena. Kwa hiyo jino la ukubwani liking'oka zima unalishika upande wa kung'atia, mzizi usiuguse kabisa, kama lina uchafu unalisuuza sekunde chache kwa maziwa au maji safi ya baridi bila kusugua, unalirudisha kwenye tundu lake upande wa mbele ukiwa mbele, mtoto anang'ata kitambaa safi mnawahi kwa daktari. Ndiyo, wewe mwenyewe, hapohapo uwanjani. Inatisha lakini daktari aliniambia bora jino lililorudishwa na mtu asiyejua kuliko lililomfikia yeye limekauka. Ukishindwa au mtoto hakubali, litie kwenye maziwa, maziwa hakuna basi ateme mate kwenye kikombe ulitumbukize humo. Maji matupu hapana, ukiliacha humo zile seli zinavimba na kupasuka.

Ila jino la utoto usilirudishe hata ukibembelezwa, utaharibu la ukubwani linaloota chini yake. Na mtu aliyezimia au ana kizunguzungu usimwekee kitu mdomoni, linaweza kuingia njia ya hewa. Kwa sababu hiyohiyo jino au kipande kisipoonekana mwambieni daktari, wakati mwingine kimezama ndani ya mdomo uliochanika au kimeshuka kifuani na eksirei ndo inakionyesha.

Kingine mlichoruka ni taya, hapa ndo watu wanapotea kweli maana damu inaweza isiwepo. Mtu kaanguka kidevu, kapata mchubuko mdogo, wote mnaangalia mchubuko. Muulize swali moja tu, ukiuma meno yanakutana kama zamani? Akisema hayakutani, au mdomo ukifunguka unaenda upande, au mdomo wa chini na kidevu vimekufa ganzi, au chini ya ulimi pamevilia damu, hilo taya lichukulie limevunjika mpaka eksirei iseme vingine. Na linaweza kuvunjika mbali na alipopigwa, kidevu kinapokea pigo mfupa unakatika juu karibu na sikio.

Puani msimuinamishe kichwa nyuma jamani, damu inashuka kooni anaimeza na kutapika, ainame mbele abane sehemu laini ya pua dakika 10 mpaka 15 bila kuachia kuchungulia. Akianza kuona vitu viwili viwili, au shavu limekufa ganzi, asipenge pua, huenda mfupa chini ya jicho umepasuka. Majimaji meupe kama maji yakitoka puani au sikioni baada ya pigo, hapo hamna cha barafu wala kusubiri kesho, ni hospitali. Mdomo ukichanika mpaka pale rangi ya mdomo inapokutana na ngozi naye apelekwe, ule mstari ukishonwa umepinda unaonekana maisha yote. Na jeraha likiwa na udongo muulizwe chanjo ya pepopunda.

Mhariri naomba mrudie hiyo makala, muweke na picha ya mkono ulioshika jino, makocha wengi hatusomi maneno mengi (mie mmojawapo).

Kijana wangu daktari alilirudisha hivyohivyo, akalifunga na waya, akatuambia mapema kwamba mfupa utalikamata na kulila mzizi polepole. Sasa hivi ana miaka 12, taya linakua na meno mengine yanashuka nalo, lile limegoma palepale, kila akicheka naliona limebaki juu ya wenzake.

Kocha wa watoto