Njia ya baiskeli kando ya Mto Nairobi isikatwe vipande

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa baiskeli. Kibanda changu kiko Shauri Moyo, karibu na mto kiasi kwamba mvua kubwa ikinyesha usiku huwa nalala nikiwaza vifaa vyangu. Wateja wangu si wale wa kofia ngumu na kaptura za kubana mnaowaona Karura siku za Jumapili. Ni walinzi wanaotoka lindo alfajiri, wauza mkate, vijana wa kusambaza maziwa, na mzee mmoja anayefunga trei kumi na mbili za mayai kwenye keria ya baiskeli ya Black Mamba kisha ananilaumu mimi spoki zikikatika. Naandika kwa ajili yao, kuhusu njia ya miguu na baiskeli inayotajwa katika mradi wa kuufufua Mto Nairobi, ule uliozinduliwa Machi 2025.

Ninalo la kusema kwa sababu nimewahi kuiendesha njia ya namna hiyo, tena siku saba mfululizo. Dada yangu ni muuguzi katika mji wa Linz, Austria. Julai ya mwaka juzi alinitumia tiketi akasema, "Kaka, miaka thelathini unatengeneza baiskeli za wenzako, njoo nawe upande." Tukaazima baiskeli mbili, tukapanda treni hadi Passau, mji wa Ujerumani ulio mpakani, kisha tukashuka na mto Danube hadi Vienna. Ni kama kilomita 320. Nilikuwa nimebeba tyubu nne za akiba, viraka, gundi na pampu. Nilirudi nazo zote. Pancha hata moja! Nilimwonea huruma fundi wa huko.

Njia yenyewe imewekwa lami, pana kiasi cha baiskeli mbili kupishana bila kugusana vishikio. Upande mmoja maji, upande wa pili mashamba au msitu, na kwa masaa mengi husikii injini ila ya meli ya mizigo. Si kwamba hakuna magari kabisa. Kuna vijiji unavyopita barabarani pamoja nayo, lakini ni gari moja moja, na dereva anangoja nyuma yako bila hata kupiga honi. Siku ya kwanza nilikuwa nageuka kila mara kuangalia kama kuna matatu. Mwili una kumbukumbu zake. Miaka minane iliyopita matatu ilinisukuma mtaroni pale Jogoo Road, na mpaka leo, asubuhi za baridi, mkono wa kushoto haukazi nati vizuri.

Miji ya njiani ingetosha barua nzima. Passau imekaa panapokutana mito mitatu, Danube, Inn na Ilz. Melk ina monasteri ya Wabenedikto iliyoanza mwaka 1089, ikajengwa upya karne ya 18, kubwa kuliko mji wenyewe, rangi ya uji wa mtama uliotiwa maziwa. Baada ya Melk mto unaingia bonde la Wachau, na hapo ndipo nilipotamani mke wangu angekuwepo: mizabibu imepandwa juu ya kuta za mawe zilizojengwa kama ngazi mlimani, na aprikoti zimeiva zinauzwa kando ya njia. Tulikula mpaka matumbo yakalalamika. Huko huko kuna mji mdogo wa Dürnstein, na juu yake magofu ya ngome alimofungwa Mfalme Richard wa Uingereza kati ya 1192 na 1193.

Si yote yanapendeza. Baada ya Linz unapita Mauthausen, palipokuwa na kambi ya Wanazi kuanzia 1938 hadi 1945. Walioletwa hapo walichimba mawe, na waliokufa ni wengi, angalau elfu 90. Tuliacha baiskeli tukapanda kwa miguu hadi kambini. Tulipoteremka hatukuzungumza hadi jioni.

Lakini, Mhariri, mimi ni fundi, na nilichokitazama zaidi ni namna ile njia ilivyopatikana. Vibao vinaeleza. Zamani, mashua za mizigo zilipopanda mto kinyume cha maji, zilikokotwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni. Njia waliyoikanyaga inaitwa Treppelweg. Meli za mvuke zilipoingia karne ya 19, farasi wakakosa kazi, njia ikabaki. Baadaye yakajengwa mabwawa ya umeme, kwa mfano la Ybbs-Persenbeug lililokamilika 1959. Mabwawa yakaja na matuta marefu kandokando ya mto, na barabara za wahudumu juu yake. Baiskeli zikahamia humo. Hata mto wenyewe unauvuka juu ya bwawa, umekaa kitini, maji yananguruma chini yako. Kwa hiyo sehemu kubwa ya njia hiyo inayowavutia wageni hakuichora mtu wa utalii. Waliianza farasi, wakaiendeleza mafundi wa umeme.

Hapo ndipo nilipoukumbuka mto wetu. Mradi wa Nairobi una mabomba makubwa ya majitaka yatakayofuata kingo za mto, na bila hayo usafi wote ni porojo. Sasa, bomba la majitaka huwezi kulifukia ukalisahau. Lina chemba moja baada ya nyingine, chemba huziba, na zikiziba lori la kunyonya lazima lifike. Maana yake lazima kuwe na barabara ya huduma kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho, panapotakiwa au pasipotakiwa na mtu wa bustani. Hiyo ndiyo njia yetu ya farasi. Iwekwe lami, ipewe taa, tuachieni. Kwa mwaka mzima lori litapita mara chache. Siku zilizobaki zitakuwa za mlinzi na mzee wa mayai.

Ninaloliogopa ni vipande. Njia za baiskeli za Nairobi zina tabia ya kufa ghafla. Unapedali vizuri, mara njia imekuwa stendi ya bodaboda, mbele kidogo imekuwa duka la viatu vya mitumba, kisha inaishia kwenye ukingo wa saruji unaofika goti, umeteremka na kubeba baiskeli begani kama mbuzi. Sera ya kaunti ya mwaka 2015 ilisema asilimia 20 ya fedha za barabara ziende kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Mambo ya bajeti siyajui. Mimi nahesabu rimu zilizopinda, na hazijapungua.

Kule Danube kuna mahali panaitwa Schlögen, mto unapojipinda mpaka unarudi ulikotoka, na upande wa kushoto mlima umeingia majini kabisa. Kati ya Au na Grafenau hakuna pa kupitisha hata mbuzi. Walifanya nini? Waliweka mashua. Unaingia na baiskeli yako, unalipa sarafu chache, inakubeba kando ya mwamba na kukushusha njia inapoanza tena. Nilicheka peke yangu. Sisi hatuna mwamba wa namna hiyo kati ya Museum Hill na Dandora. Tuna barabara tu: Globe, Racecourse Road, Outer Ring. Ni madaraja ambayo njia inaweza kupita chini yake ikitengenezwa mapema, kabla nguzo za kitu kingine hazijasimama hapo.

Na wasituambie hatuna cha kutazama. Mto huu unatoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unaingia Athi, mwisho wake ni bahari, karibu na Malindi, kwa jina la Sabaki. Jiji lenyewe lilichukua jina kwake, Enkare Nyirobi, maji baridi, kama Wamaasai walivyoyaita. Anza Chiromo, pita chini ya Makumbusho ya Taifa, shuka kwenye bustani ya Michuki ambayo watu wa umri wangu wanaikumbuka ikiwa jaa la takataka na karakana. Pita nyuma ya mafundi wa magari wa Kirinyaga Road. Unafika Kamukunji, uwanja ulioipa lugha yetu neno zima la mkutano wa siasa, na ambako tarehe 7 Julai 1990 watu walienda kudai vyama vingi wakijua watakutana na rungu. Kariokor haiko mbali, na jina lake ni la Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliobebeshwa vita vya wengine, wengi wasirudi. Kisha Gikomba, kisha Pumwani na misikiti yake, Pumwani ambayo wazee wetu husema ni mahali pa kupumua. Yote hayo kwa baiskeli ni chini ya saa moja, ukisimama kunywa chai. Dürnstein ina mfalme mmoja aliyefungwa. Sisi tuna wafungwa wangapi?

Kuna hoja ya mafuriko, na ninaiheshimu. Aprili 2024 maji yalichukua watu, na baada yake matingatinga yakachukua nyumba za walionusurika, Mathare na Mukuru. Jirani zangu wengine hadi leo hawajui waliko wajomba zao. Ukingo uliobomolewa kwa jina la usalama ukija kujengwa ghorofa, au ukizungushiwa uzio na geti la kulipia, hapo mtakuwa mmetuibia mara mbili. Njia, kwa upande wake, inaweza kufurikiwa bila kumuua mtu. Kwenye jengo la manispaa la Passau wamechora mistari ya kina cha kila mafuriko na mwaka wake. Ule wa 2013 uko juu sana, ni wa 1501 tu ulioupita. Dada yangu aliukumbuka mwaka huo: njia ya baiskeli ilikuwa chini ya maji. Maji yakaondoka, wakakwangua tope, baiskeli zikarudi. Hakuna kibanda cha mabati kinachoweza kufanya hivyo.

Usalama wa usiku? Taa, sawa. Lakini wauza uji na chai nao wasifukuzwe. Mama mwenye jiko lake ukingoni kuanzia saa kumi na moja alfajiri anamjua kila mtoto wa mtaa na mama yake. Kule vijijini mwa Austria nilikunywa kahawa kwenye meza zilizopangwa hatua mbili kutoka kwenye njia na hakuna askari aliyezipindua.

Urefu unaotajwa wa mradi ni kilomita 27. Ni karibu sawa na barabara ya Expressway, ambayo baiskeli hairuhusiwi kuipanda na ambayo hakuna aliyefikiria kuifungua ikiwa na pengo la mita mia mbili pale Westlands kwa sababu fedha ziliisha. Naomba wahandisi wajibu swali moja kwenye ukurasa huu huu: pale Globe, Racecourse Road na Outer Ring, baiskeli itapita chini, itapita juu, au itashushwa ibebwe?

Wakitaka kuja kuona wenyewe, waje saa kumi na mbili asubuhi, walinzi wanaporudi. Baiskeli tatu za kuazima ziko tayari. Moja breki yake ya nyuma ni ya kubembeleza, lakini hiyo nitaipanda mimi.

Fundi wa baiskeli,
Shauri Moyo, Nairobi