Barua kutoka Jebel Shams

Maskati, Januari

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima, wewe na mama na wanao. Sisi huku wazima, alhamdulillahi.

Uliniuliza kwenye simu Oman kuna nini zaidi ya joto na maduka. Tumerudi juzi kutoka Jebel Shams, basi ngoja nikujibu kwa kituo.

Ndio mlima mrefu kuliko yote Oman, mita 3,000 hivi, kwenye safu ya Hajar. Unapita Nizwa, tuliponunua nyama ya mbuzi na halua, kisha Al Hamra na Ghul, halafu njia inaanza kupanda kwa kona kali. Tulipopita sisi kulikuwa na kipande cha changarawe tupu. Gari dogo liache nyumbani.

Juu ni jangwa la mawe, usitarajie mchanga wala mitende. Imeota mizeituni mwitu na miti ya jamii ya mtarakwa, imepindapinda kwa upepo, na hukua polepole mno. Mkaa tulibeba wenyewe, maana kukata tawi la mti kama ule ni dhuluma. Hema tulipiga karibu na ukingo wa korongo la Wadi Nakhr. Shoga, ukingo ule! Ardhi inakatika ghafla, na chini yako ni kina cha karibu kilomita nzima. Tai wanaruka chini ya pale uliposimama, unawaona migongo.

Baridi yake usiseme. Usiku wa majira haya hukaribia sifuri, na iko miaka theluji huanguka. Watoto walilala na makoti na soksi, birika la chai ya tangawizi halikutoka motoni.

Lakini hasa nilitaka kukusimulia As Sab, kijiji kilichohamwa. Kulipopambazuka tulitoka kijiji cha Al Khitaym kwa njia nyembamba inayoambaa ubavuni mwa genge: huku jabali, huku hewa tupu. Mwenye kizunguzungu asijilazimishe. Mwisho wa njia zipo nyumba za mawe zimejibanza chini ya mwamba uliotokeza juu yake, na hapana anayeishi humo tena. Chini yake yamebaki matuta ya kilimo yaliyojengewa kuta za mawe, ngazi kwa ngazi, hadi karibu na shimo lenyewe. Nilisimama mlangoni mwa nyumba moja kitambo kirefu. Nikawafikiria wanawake waliopika na kujifungua pale, wagonjwa na mabibi harusi waliopitishwa njia ile ile.

Sisi Unguja tukitaja Waoman tunataja majahazi na kaskazi. Wengi waliokuja kwetu walitoka bara huku huku, Nizwa na vijiji vya milimani, watu wa mifereji ya maji na mbuzi kabla ya kuijua bahari. Hayo hatukusimuliwa, na mimi naona ni haki yao kusimuliwa. Ndio maana nataka uje uone kwa macho yako, wewe mwenye kupenda habari za wazee.

Njoo kati ya Novemba na Machi. Leta sweta mbili na viatu vya kamba, makubadhi hayafai kule. Kata shauri mapema, nami niombe likizo kazini. Nisalimie mama sana, mwambie halua yake nitaituma kwa mtu anayekuja mwezi ujao.

Shoga yako wa Maskati