Spika ikikoroma, kagueni boksi kwanza

Mhariri,

Spika ya harusini ikikoroma, lawama hutupiwa amplifaya. Mara nyingi kosa liko kwenye boksi.

Plaiwudi nyembamba hutetemeka na kuvuruga besi. Tumieni ya milimita 18, yenye gundi isiyolegea kwa maji. Mbao za unga wa mbao uliogandamizwa huvimba kwa unyevu wetu wa pwani, skrubu zikang'oka, hatuzipendekezi kabisa. Nafasi ya ndani ya sentimita 30 kwa 40 kwa 50 ni lita 60, kabla ya kutoa ujazo wa spika na taruma, yaani ubao wa kuimarisha kuta kwa ndani. Msiache hiyo taruma: kipande kimoja kikikingama kati ya kuta mbili pana hutuliza mtetemo sana.

Kinachoshika boksi ni gundi. Skrubu hubana tu hadi ikauke, kwa kawaida saa 24. Toboeni kwanza kwa keekee nyembamba, la sivyo ukingo utapasuka.

Boksi lisilo na tundu la hewa hupimwa hivi: sukumeni koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayotetemeka, taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, kisha achieni. Ikirudi polepole, limeziba vizuri. Ikiruka mara moja, hewa inavuja. Angalieni kwanza panapopita waya, halafu mpira wa ukingo wa spika.

Pigeni msasa namba 120, kisha 240. Kingo za plaiwudi hunywa maji, kwa hiyo zipakwe sila (dawa ya kuziba mbao) mara mbili kabla ya rangi. Pakeni na ndani pia, maana ubao uliopakwa upande mmoja hupinda.

Mafundi seremala,
Langoni, Lamu