Baba, kwa nini hatununui nyumba pale ziwani

Adelaide, Australia Kusini

Baba na Mama shikamooni, na nyie wadogo zangu pamoja na kaka hamjambo wote? Sisi huku wazima, wajukuu zenu wanasoma vizuri, baba yao yuko zamu ya usiku wiki hii ndo maana nimepata nafasi ya kukaa niandike kwa utulivu. Baba lile swali lako la kwenye simu nilikujibu nusunusu mtandao ukakata, halafu nikaona kaka amelirudia kwenye grupu, kwamba zile picha za ziwani nilizotuma, nyumba kubwa kubwa, bustani, boti zimefungwa nyuma ya nyumba, na watu wenyewe wazee watupu, kwa nini tusinunue moja pale tukaachana na kulipa kodi ya nyumba ya mtu. Ni swali la haki kabisa na nataka nilijibu lote, maana jibu lake ndo limebeba na ombi langu kwenu.

Pale panaitwa West Lakes, kilomita chache kutoka baharini. Lile ziwa mnaloliona ni la kuchimbwa. Zamani pale palikuwa kinamasi cha mto Port River, ardhi ya watu wa Kaurna wenyeji wa huku, palikuwa panajaa maji chumvi hakuna mtu anapataka, ndo mwaka 1969 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuendeleza eneo, kampuni inaitwa Delfin ikachimba, ikafukia, ikakata viwanja. Maji ni ya bahari, yanaingia upande mmoja kwa mabomba na kutokea upande wa pili kwenye mto, bahari ndo inayoyabadilisha, kwa hiyo hayanuki. Hata kisiwa kilichopo katikati wanakiita Delfin Island mpaka leo, na kina nyumba zake.

Sasa hapo kwenye viwanja ndo penye jibu. Waliochukua vile viwanja miaka ya 70 na ya 80 walikuwa vijana kama sisi sasa, wamefunga ndoa juzi, wana watoto wadogo, mtu ni fundi au mwalimu au karani wa serikali, siyo matajiri. Wengine wametoka Uingereza, na huku upande wa magharibi wa mji kuna Wataliano na Wagiriki wengi waliokuja baada ya vita. Nyumba wakati ule mshahara mmoja ulitosha kuilipia taratibu mke akiwa nyumbani na watoto. Wakamaliza deni, na hawakuondoka. Basi. Wale vijana ndo hawa wazee mnaowaona kwenye picha, hawajakusanywa pale kutoka mahali pengine, wamezeekea palepale na nyumba zao.

Na sisi Baba hatukuwepo. Sijui kama watoto mnawafundisha hii huko, lakini Australia ilikuwa na sera ya kuzuia watu wasio weupe kuhamia, ikaja kufutwa kabisa mwaka 1973 chini ya serikali ya waziri mkuu Whitlam. Yaani viwanja vya pale vinaanza kuuzwa, mtu wa rangi yetu hata kuingia nchini ilikuwa shida. Silisemi kwa uchungu, nalisema kwa sababu kaka aliandika kwamba mbona watu weusi hawapo kabisa kwenye picha, basi sehemu kubwa ya jibu ni hiyo, mtaa ambao watu hawauzi unabaki na sura ya siku ulipojengwa.

Mnajua kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, serikali inalipia sehemu, mpango wenyewe umebadilishwa jina na utaratibu Novemba 2025. Kwa hiyo hizi nyumba naziona kwa ndani. Unaingia nyumba ya vyumba vinne, anaishi bibi peke yake, vyumba vitatu milango imefungwa, kimoja bado kina kitanda cha mtoto aliyeondoka ana miaka ishirini na sasa ana wajukuu. Namwogesha, nampa dawa, tunakaa kidogo anaangalia maji dirishani. Na ukimuuliza mama wewe huwezi kwenda nyumba ndogo anakwambia niende wapi, daktari wangu yuko hapa, kanisa langu liko hapa, mume wangu alipanda huu mti. Mimi namuelewa. Mtu akishaishi mahali miaka hamsini siyo nyumba tena ile, ni maisha yake yote yako pale ukutani.

Ila siyo moyo tu, sheria nazo zinamwambia akae. Huku ukinunua nyumba unalipa ushuru wa stempu kwa jimbo, na ni hela nyingi, nyumba ya dola 900,000 ushuru wake unapita dola 43,000, na kwa miaka mingi hata mzee anayehamia padogo amekuwa akiulipa. Halafu pensheni ya serikali inapimwa kwa mali ulizonazo, lakini nyumba unayoishi haihesabiwi, hata ikiwa ya mamilioni. Akiuza akabaki na laki kadhaa benki, zile zinaanza kuhesabiwa na pensheni inaweza kupungua. Na faida ya kuuza nyumba unayoishi haitozwi kodi, kwa hiyo hana haraka yoyote, inazidi kupanda thamani amekaa tu. Serikali imejaribu kuwavuta, kuna utaratibu tangu 2018 wa kuruhusu mtu akiuza nyumba aweke hadi dola 300,000 kwenye mfuko wake wa uzeeni, umri walianza na 65 wakaja kushusha mpaka 55, lakini niseme ukweli katika wazee wote ninaowahudumia sijamsikia hata mmoja akiutaja.

Matokeo yake nyumba zinazotoka sokoni pale ni chache mno. Mara nyingi inatoka kwa sababu mwenyewe amefariki au amehamishiwa makao ya wazee, watoto wanauza wagawane. Ikitoka moja Jumamosi dalali anaifungua nusu saa, foleni mpaka barabarani, tumewahi kwenda mimi na baba watoto kuangalia tu. Wanaonunua ni watu ambao tayari wana nyumba nyingine wameiuza, au vijana ambao wazazi wamewapa hela. Mnada ukipigwa na ukashinda hakuna kurudi nyuma, unasaini palepale. Ukinunua bila mnada ndo sheria ya hapa inakupa siku mbili za kazi za kutafakari baada ya kupewa karatasi za muuzaji.

Bei sasa. Adelaide ilikuwa inajulikana kama mji wa bei nafuu, hiyo imeisha. Mwaka 2024 bei ya kati ya nyumba hapa, mkijumlisha na flati humo humo, ilipita ya Melbourne, kitu ambacho wenyeji wenyewe walishangaa, na kufika 2025 ilikuwa imeshapita dola 800,000 kwa mji mzima. Kando ya maji ni zaidi ya hapo, na nyumba ambayo bustani yake inagusa ziwa usiulize. Benki inataka uweke asilimia 20 mkononi, yaani kwa nyumba ya 800,000 uwe na 160,000, ukiwa na pungufu unalipishwa bima inayomlinda yeye benki, siyo wewe. Na riba, Benki Kuu ya huku wakati wa korona ilishusha mpaka 0.10%, watu wakakopa kama hakuna kesho, kuanzia Mei 2022 ikaanza kupandisha hadi 4.35% Novemba 2023, sasa wewe unalipa benki yako juu ya hapo. Ilishuka kidogo mwaka 2025. Na hata ukienda kuomba, wanakupima kwa riba ya kwao wakiongeza asilimia 3 zaidi, waone kama ikipanda utaweza kulipa, ndo mtu unajiona una mshahara mzuri halafu unaambiwa unakopesheka kidogo kuliko ulivyodhani.

Kitaifa sensa ya 2021 ilionyesha kaya kama asilimia 66 zinaishi kwenye nyumba zao, 31 wamemaliza deni na 35 bado wanalipa. Ukisikia hivyo unasema nchi ya wenye nyumba. Lakini miaka ya 60 ilikuwa zaidi ya 70, na iliposhuka imeshuka kwa vijana, wazee wako palepale. Na jimbo letu hili ni la wazee kuliko mengi, umri wa kati ni 41 wakati nchi nzima ni 38, Tasmania tu ndo wanatuzidi. West Lakes iko juu ya hapo. Ndo maana na kazi zetu zipo Baba, wazee wale wasingekuwepo sisi tusingepewa viza, hili nalikumbuka kila siku nikiendesha gari kwenda pale asubuhi. Sisi tunaowahudumia pale tunatoka mbali, wengi kaskazini, Salisbury na Elizabeth na kupita huko, kwenye mtaa wenyewe hakuna nyumba za kupanga za kutosha na zilizopo hatuziwezi.

Kuna sehemu moja pale mambo yanabadilika na imenipa matumaini kidogo. Palikuwa na uwanja mkubwa wa mpira wa miguu wa kwao huku, Football Park, ulifunguliwa 1974, fainali ya 1976 waliingia watu zaidi ya 66,000. Timu zikahamia uwanja wa katikati ya mji 2014, huu ukabaki mtupu ukabomolewa, sasa wamejenga nyumba za kubanana na maghorofa. Kuna waliopinga, hawataki maghorofa wala magari mengi. Mimi naona ni jambo jema kabisa na ningependa wajenge zaidi, kwa sababu angalau yule bibi akitaka nyumba ndogo ataipata bila kumwacha daktari wake na kanisa lake, na ile ya vyumba vinne ikapata familia yenye watoto. Mtaa hauwezi kuendelea bila watoto. Lakini bei ya hayo maghorofa nayo siyo ya mishahara yetu.

Sasa sisi. Tulipokuwa na viza ya muda hata kufikiria kununua ilikuwa ngumu, na kuanzia Aprili 2025 serikali ikapiga marufuku wageni na wenye viza za muda kununua nyumba iliyokwisha kujengwa. Ila sisi tumeshapata ukazi wa kudumu kama mnavyojua, na hapo ndo mlango umefunguka. Tangu Oktoba 2025 anayenunua nyumba ya kwanza anaweza kuweka asilimia 5 tu, serikali inamdhamini kwa benki, ile bima halipi. Na jimbo hili, nyumba ikiwa mpya, mnunuzi wa kwanza amesamehewa ushuru wa stempu wote tangu Juni 2024 bila kujali bei, na anapewa dola 15,000 juu. Kwa hiyo chukulia nyumba mpya ya 650,000 huko kaskazini, dipoziti ni 32,500. Hizo tunaweza. Hakuna ziwa, gari kwenda kazini ni karibu saa nzima, miti bado midogo, lakini majirani ni watu wa umri wetu, kuna Warundi na Wakongo na Wakenya, Kiswahili utakisikia dukani, na shule zimejaa watoto mpaka wanaongeza madarasa.

Na hatuwezi kuchelewa, maana hapa tunapopanga kodi tunalipa kwa wiki na mwenye nyumba anaruhusiwa kupandisha mara moja kwa mwaka na huwa haikosi. Amesema pia anafikiria kuuza. Sheria ya sasa inamtaka atupe notisi ya siku 60 yenye sababu, kwa hiyo hatutatupwa nje ghafla, lakini kuhama hama na watoto wa shule ni kazi.

Ombi langu ndo hili. Benki kabla ya kutoa mkopo inasoma taarifa za akaunti za miezi ya karibuni, kila hela inayotoka, na zile ninazotuma kila mwezi inazihesabu kama matumizi ya lazima, zinapunguza kiasi tutakachokopeshwa. Ada ya mdogo wetu nitaendelea kulipa, hiyo haiguswi, na dawa za Mama pia haziguswi. Ninachoomba ni ule ujenzi wa nyumba ya pili hapo kiwanjani usimame kwa muda mpaka tusaini huku. Najua kaka ameshaongea na fundi, kaka naomba usinifikirie vibaya, uongee naye kwa heshima umlipe alichofikia na mabati yawekwe ndani. Tukishaingia kwenye nyumba tutakaa mimi na wewe tupange upya kiasi gani kinawezekana kwa mwezi.

Baba nataka baraka yako kwanza kabla sijajaza fomu, sitaki ulisikie kwa mtu. Mkae na Mama na kaka mlizungumze, halafu mnijibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu barua ya benki ya kukubaliwa mkopo ikishatoka inadumu miezi mitatu hivi, tusipopata nyumba ndani ya hapo tunaanza maombi upya.

Wajukuu wanawasalimia sana, mkubwa anauliza babu atakuja lini. Chumba cha nne tumeshasema ni chenu.

Mwanenu