Mpwa wangu, kabla hujaenda Upanga na makaratasi yako

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Mama yako kaniambia umetoa kopi hamsini pale stesheneri, na kwamba Jumapili unakwenda nazo Upanga, kwenye hekalu la Wabudha, ukawagawie. Ningekupigia simu, lakini ujumbe wenyewe uliurusha kwenye grupu la ukoo, na shangazi zako wameshaupeleka mbele na takbira tatu tatu. Basi na mimi najibu hadharani. Jina lako sikutaji.

Nimeusoma mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwa frem, wateja hakuna, mvua imefunga Kariakoo yote. Unasema hivi: Budha alipokaribia kufa, mwanafunzi wake Ananda alimuuliza nani atawafundisha baada yake. Akajibiwa kuwa atatokea Budha mwingine, Metteyya, atakayefuatwa na maelfu. Jina hilo linatokana na neno metta, yaani upendo na wema kwa viumbe. Mtume wetu (s.a.w.) naye katumwa awe rehema kwa walimwengu, Suratul Anbiyaa aya ya 107. Kwa hiyo Metteyya ni yeye, na Wabudha wamekalia habari zake bila kujua.

Sikufichi, hata mimi kwanza nilisisimkwa. Lakini hebu uliza maneno yale yametoka wapi. Ananda anayejizuia machozi, kama ulivyomweka wewe, yumo kwenye kitabu cha mwaka 1894 cha Paul Carus, Mjerumani aliyehamia Marekani. Alikusanya maandiko ya Kibudha ya hapa na pale, akayapanga kwa mtindo ambao Wakristo wa kule wangeusoma bila tabu. Hata jina alikiita Injili ya Budha. Sasa wewe, mtoto wa madrasa, unawapelekea Wabudha maneno yao kupitia injili ya Mmarekani!

Habari ya Metteyya iko mahali pa zamani zaidi, katika hotuba ya 26 ya mkusanyo uitwao Digha Nikaya, ulioandikwa kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha. Isome yote, usiokote mstari mmoja. Humo Budha anasimulia jinsi umri wa binadamu unavyopungua kadiri uovu unavyoongezeka, kutoka miaka 80,000 mpaka miaka 10. Binti anaozwa akiwa na miaka mitano. Samli, asali na chumvi vinatoweka duniani. Halafu zinaingia siku saba za panga, mtu akimwona mwenziwe anaona mnyama wa kuwinda. Wachache wanakimbilia vichakani na mapangoni. Siku ya nane wanatoka, wanakumbatiana, kila mmoja akishangilia kumkuta mwenziwe yu hai, na wanakubaliana kuacha kuua. Hapo umri unaanza kupanda, kizazi baada ya kizazi, mpaka unarudi 80,000. Binti sasa anaolewa akiwa na miaka 500. Vijiji na miji imebanana kiasi kwamba kuku anaruka kutoka hapa akatua pale (nilipofika hapo nilidhani anaisema Manzese). Ndipo, katika zama za mfalme aitwaye Sankha, anakuja Metteyya.

Mtume wetu alifariki akiwa na miaka 63, na masahaba zake waliishi umri kama wetu. Hizo 80,000 umezipeleka wapi? Halafu Wabudha wanaamini kwamba Budha mpya hatokei mpaka mafundisho ya aliyemtangulia yawe yamesahaulika kabisa, hakuna anayeyakumbuka. Wewe unapeleka karatasi kwenye hekalu lililo wazi, lenye watawa wanaoyasoma mafundisho hayo na kuyafundisha. Kwa hesabu yao, kule kukukaribisha tu mlangoni ni dalili kwamba Metteyya hajaja. Ukimwita mtu barazani akutolee ushahidi, mwache amalize. Huwezi kuchukua nusu ya kauli yake iliyokufaa ukamziba mdomo ile nyingine.

Na sisi tunamsubiri nani? Hatumsubiri mwalimu mwenye dini mpya. Suratul Ahzab aya ya 40, inayomwita Mtume wetu mwisho wa manabii, imeshalifunga hilo. Tunamsubiri Nabii Isa, ambaye kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim kinasema atashuka penye mnara mweupe mashariki ya Damascus, mikono yake juu ya mbawa za malaika wawili. Tunamsubiri Mahdi. Katika hadithi za Abu Daud imepokewa kwamba hata dunia ikibakiwa na siku moja, Mwenyezi Mungu atairefusha siku hiyo mpaka amtoe mtu wa nyumba ya Mtume aijaze dunia uadilifu kama ilivyojazwa dhuluma. Jirani zetu Mashia Ithnaashari wa hapo mjini wanasema huyo alishazaliwa, yuko ghaibu, yaani kafichwa machoni pa watu, na kila nusu ya Shaabani wanasherehekea mazazi yake.

Sasa tazama hapa, maana ndipo nilipokaa muda mrefu mpaka chai ikapoa. Mahdi wetu anakuja dunia ikiwa imeoza, aje aitengeneze. Metteyya anakuja dunia ikiwa imeshatengenea. Na waliotengeneza ni wale waliotoka vichakani wakiwa na hofu, bila mwalimu wala kitabu, wakaamua tu kwamba kuuana basi. Yeye anawakuta wameshashiba, wameshaishi kwa amani vizazi na vizazi, ndipo anawafundisha njia ya kutoka kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Haya ni matumaini mawili yaliyokaa tofauti kabisa. Kwenye karatasi yako umeyapondaponda kama mbatata za urojo, hata mwenyewe mtu hawezi tena kuijua mbatata yake.

Na kuponda huko tumeshakuona huku kwetu Afrika Mashariki. Juni 1988, huko Kawangware, Nairobi, mtu mwenye kanzu nyeupe alitokea kwenye mkutano wa maombi, watu wakapiga kelele kwamba ni Yesu. Gazeti la Kenya Times likaandika, na picha zikatoka. Benjamin Creme, mchoraji wa Uskoti, ambaye tangu 1982 alikuwa akitangaza kwamba Maitreya (ndiyo Metteyya huyohuyo kwa Kisanskriti) anaishi London kati ya wahamiaji wa Asia, akazidaka zile picha: huyu ndiye! Kwake yeye mtu huyo mmoja ni Maitreya, ni Kristo, ni Imam Mahdi, ni Krishna. Kila dini ilipewa ilichokitaka, na hakuna hata moja iliyoulizwa.

Nikuchekeshe kidogo. Unaijua ile sanamu ya mzee kitambi anayecheka, inayouzwa frem ya jirani yangu, ambayo watu wanaiweka kaunta ili hela iingie? Wengi huiita Budha. Ni Budai, mtawa wa Kichina wa karne ya 10, na Wachina wengi wanamhesabu kuwa ndiye Maitreya aliyejitokeza kwa siri. Kwa hiyo huyo unayetaka kuwathibitishia Wabudha kwamba ni Mtume wetu, kuna watu wanampapasa tumbo kila asubuhi wakifungua duka. Fikiria hilo kabla hujayalinganisha majina.

Upanga nenda, mimi sikukatazi. Vua viatu, salimia watu wazima kwanza, makaratasi yaache kwa mama yako afungie vitumbua. Wale wa Sri Lanka wana desturi: wengi wao wakitoa sadaka huomba wajaaliwe kuzaliwa tena katika zama za Metteyya, wamsikie kwa masikio yao. Ukimkuta mtawa ana nafasi, niulizie kama naye huomba hivyo, na kama huomba, huwa anajiona atazaliwa nani siku hiyo.

Mjomba wako,
Kariakoo